Mgeni Niliyemkabidhi Kisu

Sekela, usinipigie. Nimejificha nyuma ya kanisa.

Si unajua leo akina mama wa WAWATA na vijana tulialika mgeni wa kutufundisha imani, Mwalimu Mihayo wa Kihesa, Iringa? Mimi ndiye niliyempigia debe kwa kusikia sifa zake tu, ila simu alipiga Paroko. Kichwani kwangu Mihayo ni mzee wa suti.

Asubuhi tunapika hapa parokiani, kaingia mama mmoja jikoni, kitenge kiunoni, katusalimia vizuri. Nikajua katoka kigango cha Mbalizi, kaja kusaidia. Nikampa kisu na beseni la viazi.

NIKAMPA KISU SEKELA!

Akamenya. Na mimi mdomo huu! Nikamwambia, "Mama, hawa wageni wa Iringa wanaongea mpaka wali unapoa. Mwaka jana nilikoroma."

Akauliza taratibu, "Ungependa waongelee nini?"

Nikasema, "Watuambie tu, ukisali usijibiwe, kesho yake unaamkaje?"

Mara Paroko huyo mlangoni: "Mwalimu Mihayo! Kumbe uko huku?"

Mweee! Yule mama akajifuta mikono, akaniachia kisu.

Kafika mbele, kafungua hivi: "Nilikuja na mada yangu, lakini jikoni nimepewa nyingine." Watu wakacheka, halafu akaanza na lile swali langu la sala. Hakuna aliyesinzia. Mimi nililia, nikatoka kabla hajamaliza.

Subiri, kuna mtu anakuja huku.

Ni yeye 😭

Kanishika mkono, kaniambia, "Twende tukale, dada. Wali bado wa moto."