Kilomita Thelathini na Moja Kabla ya Geti

Shamba la Kurrabel,
S.L.P. 6, Yarrawee,
Australia Kusini.
24 Aprili 1994

Mpendwa Rosalind,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Aberdeen, pamoja na mumeo Fergus, na kwamba kile kikohozi cha baridi ulichonitajia kimekuachia. Sisi tupo. Mama yako mkubwa Enid anatembea vizuri tangu apasuliwe nyonga, ila ngazi bado zinamshinda. Mvua hatujaiona tangu Novemba, na kondoo tuliobaki nao ni wale waliokosa mnunuzi.

Mwanangu, nina jambo la kukueleza kuhusu baba yako. Nilikuambia kwenye simu kwamba Clem alifia nyumbani. Si kweli, na sipendi uendelee kuishi na maneno yangu hayo.

Unajua alichokitaka. Daktari wa mjini alisema dawa zimefika mwisho, amebakiza siku mbili tatu. Clem akataka afie kwenye baraza yake, basi. Ijumaa Kuu nikaenda kumchukua kwa gari langu la zamani, kilomita mia mbili na sitini.

Nilipoegesha nje ya wodi niliona maji ya kijani yakidondoka chini ya injini. Rejeta ilikuwa inavuja kidogo tu, pale kwenye mshono wa chini. Gereji zote zilikuwa zimefungwa hadi Jumanne.

Hapa lazima nikufafanulie, maana uliondoka mdogo. Huku maji ya mvua ya kwenye tangi ni ya kunywa na ya chai. Ukionekana unayamwaga kwenye gari, majirani watakusema mwaka mzima. Rejeta huongezewa maji ya kisima, yenye chumvi. Nimefundisha watoto miaka thelathini jinsi chumvi inavyokula metali, na kwa miaka kumi na moja nimeilisha chumvi hiyo hiyo rejeta yangu.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaacha injini ipoe, unamwaga maji, unasugua panapovuja mpaka shaba ing'ae, unapakausha kabisa, ndipo unapaka gundi ya chuma. Baba yako aliomba atolewe nje kwa kiti cha magurudumu, blanketi mapajani, anisimamie.

"Sugua, Mwalimu, acha kubembeleza. Huyo si mwanafunzi wako."

"Nikisugua zaidi patatoboka, Clem."

"Basi ujue hapo hakuna shaba tena. Ni uchafu umeshikilia uchafu mwenzake."

Nesi aliyekuwa akipita akatuuliza mgonjwa ni yupi. Clem akamjibu, "Gari, dada. Sisi wawili tumeshapita hatua hiyo." Akacheka mpaka akashika mbavu.

Gundi ile inataka kuachwa usiku kucha. Niliipa saa mbili. Kisha nikajaza maji na kulegeza kifuniko cha rejeta hatua moja, kwa sababu presha ikipungua, maji hayasukumwi nje kwa nguvu. Ubaya wake ni kwamba maji huchemka mapema, kwa hiyo nikaendesha polepole. Clem hakulalamika hata mara moja.

Gundi ilishika mpaka tulipoiacha lami. Unazikumbuka barabara zetu za vumbi, zile za vijituta vinavyotikisa meno. Zikaipasua. Mshale wa joto ukapanda, nikasimama. Zilikuwa zimebaki kilomita thelathini na moja kufika getini kwetu.

Ndoo ya maji nilikuwa nayo. Clem akasema, "Mimina sasa hivi, twende."

"Injini ni moto. Maji baridi yataipasua, tutakwama hapa hapa."

"Kwa hiyo mpaka lini?"

"Dakika arobaini."

"Wewe na saa yako! Haya, Mwalimu. Subiri."

Nikasubiri. Nilisimama mbele ya gari, kila mara nikiweka mkono karibu na injini kupima joto. Boneti lilikuwa limeinuliwa, likawa katikati yetu. Sikumwona, wala hakuniita, au kama aliniita basi upepo ulichukua sauti yake. Dakika arobaini zilipotimia nilifungua kifuniko kwa kitambaa, nikamimina maji, nikashusha boneti ili nimwambie tuko tayari. Alikuwa ameshakwenda. Macho yalikuwa wazi, yakitazama barabarani.

Nilimfumba macho, nikamfunga mkanda vizuri, nikaendesha. Enid alitupokea, tukamlaza barazani. Nesi wa zahanati alipokuja asubuhi aliandika kwamba amefia nyumbani, nami nikanyamaza. Nilijiambia namrudishia ndugu yangu alichokitaka. Sasa naona nilikuwa najifichia mwenyewe dakika zile arobaini. Huenda injini isingepasuka. Sijui, wala hakuna wa kuniambia.

Cheti hicho cha kifo kina jina lako kama mtoto wake wa pekee. Ukitaka kiandikwe ukweli, nijulishe, nitakwenda mwenyewe kwa msajili, nitaje barabara na kilomita. Ukitaka kibaki kama kilivyo, sitakigusa. Lakini mahali alipofia baba yako sasa unapajua, na aliyekuwa naye unamjua.

Enid anakukumbatia. Mfikishie Fergus salamu zetu, na mama mkwe wako Morag, na umshukuru kwa kadi yake. Mungu akutie nguvu, mwanangu, na akupe usingizi.

Ni mimi baba yako mkubwa, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Ambrose