Mjane wa Ukingo wa Kijani

4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi la makabati ya hapa makumbusho linanipa mafua kila kukicha.

Wakubwa wamekaa kikao. Wakata mbao wanautaka msitu wako. Utaachwa tu ikithibitika kwamba Mjane, yule kipepeo wetu mweusi mwenye ukingo wa kijani, bado anaishi humo. Miaka kumi na mmoja hajaonekana. Kwenye kifurushi kuna simu yenye kamera. Picha tu, Baba. Usimguse.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, mwenyewe nipo. Wewe kunywa maji ya moto.

Nimempata. Jike, katua kwenye jani la chini, katulia kama mgeni anayesubiri chai. Simu ilikuwa mfukoni. Wavu ukashuka, vidole vikambana kifua, kama nilivyowabana wenzake wote miaka thelathini nikiwaletea nyinyi wa makumbusho. Barua yako nimeikumbuka ameshakufa. Mazoea yana taabu, mama.

Namtuma kwenye bahasha, mabawa mazima. Nimeshinda pale pale siku kumi na nane. Hakuna mwingine. Niambie kweli: alikuwa na mayai?

Baba yako

17 Julai

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kila nikishika kalamu naiweka.

Wakubwa wamemkubali kuwa ushahidi. Msitu hautaguswa. Bosi kacheka, kasema mzee apewe cheti. Nimemchoma pini mwenyewe, nikaandika lebo, nikaenda kula. Sikuhisi kitu. Labda ni uchovu.

Kuhusu mayai, hapana, Baba. Tumbo lilikuwa tupu.

Mwanao

2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Pole na uchovu, usijifanye chuma. Cheti kimefika, nimekitia chini ya godoro kisilowe.

Ahsante kwa kunisitiri. Mayai niliyasikia tumboni mwake, chini ya kidole, siku ile ile, kama punje za mtama. Nilikuuliza nikitamani uniambie vidole vimezeeka. Basi.

Majirani wanapita kunipongeza kwa ajili ya msitu. Naitikia, "Tunashukuru." Sijalia, wala sina hamu ya kulia. Asubuhi naingia msituni, mchana natoka, nakula, nalala.

Ukiandika tena, niandikie habari zako tu. Za huku nazijua.

Baba yako