Baba na Mama Hawakutugawana

Nyegina, Musoma
Juni 8, 1974

Mpendwa kaka Makongoro,

Shikamoo. Je, huko kambini unaendeleaje, na ile malaria imekuacha? Sisi ni wazima. Usinicheke mwandiko, naandika haraka kwa furaha.

Kaka, imekwisha! Jumatatu hakimu kule Bunda aliwapa baba na mama talaka yao. Najua neno hilo linauma, hata mimi lilinichoma, lakini soma mpaka chini.

Baba Mkubwa Wanzagi alirudia mahakamani yale aliyokuwaga akisema nyumbani, kwamba ng'ombe wa mahari walishatolewa, kwa hiyo mimi na mdogo wetu Kwangu ni watoto wa ukoo na mama aondoke peke yake. Mama naye kwa uchungu akasema atatuchukua wote wawili, baba abaki na mke wake mpya. Basi ikawa kelele. Hakimu akawanyamazisha, akaniita mbele, akaniuliza nataka kukaa na nani. Kwangu alikuwa ameng'ang'ania sketi yangu.

Sasa sikia walivyokubaliana. Wakati wa masomo tunakaa na mama hapa Nyegina. Kila likizo baba anakuja mwenyewe kutuchukua, twende naye kijiji kipya cha ujamaa alikohamia, tuvune pamba. Mmoja wetu akiugua, wote wawili waitwe. Baba Mkubwa alitoka nje akisonya.

Na leo baba amekuja! Alipiga hodi kama mgeni. Mama akamkaribisha ugali kwa sato, wakaongea habari za mvua. Kesho asubuhi tunapanda basi!

Kaka, unajua mpango huo ulitoka kwa nani? Ulitoka kwangu mimi, niliyekuwaga nikijificha nyuma yako wageni wakija! Nilimwambia hakimu sichagui. Nilisema wao ndio wameachana, sisi hatujaachana na mtu. Nikataja shule kwa mama, likizo kwa baba. Hakimu akawauliza kama wamenisikia. Baba ndiye aliyejibu kwanza. Alisema amesikia, kisha akalia, kaka, mbele ya kaka yake na watu wote.

Ukipata ruhusa njoo, kote una kitanda. Kwangu anataka kofia ya jeshi. Mama anakusalimu, na baba anakusalimu, kila mmoja kivyake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Selestina Ryoba