Marehemu Pacha Wangu Bado Anaivuta Mashine

Shangazi mpendwa, nakuja kwako roho mkononi, na tafadhali usinione nimerukwa na akili. Mimi ni mkimbiaji wa mbio fupi, na pacha wangu naye alikuwa mkimbiaji hadi homa ilipomchukua mwaka huu. Klabuni kwetu kuna mashine ya kuimarisha miguu isiyo na vyuma vya kupanga, ni gurudumu zito tu chini ya ubao, unasimama juu, unashika mpini, ukiinuka kamba inalizungusha, halafu lenyewe linaikunja kamba na kukuvuta chini kwa nguvu ileile uliyolizungushia, kazi yako ni kulizuia. Kocha husema mashine ile haina nguvu yake yenyewe. Sisi mapacha tulikuwa na mchezo wetu ambao kocha alitukataza mpaka akachoka: ukimaliza husimamishi gurudumu, unampa mwenzako mpini likiwa bado linazunguka, kwa hiyo mvuto wa kwanza anaoupokea ni wako, na wa pacha wangu ningeutambua hata nimefumba macho, ulikuwa na kijimshtuko mwishoni.

Sasa nafanya peke yangu asubuhi kabla wenzangu hawajafika, na mvuto ule upo, shangazi, upo, nalizungusha gurudumu kidogo, linanirudishia nguvu kubwa, na goti langu la kushoto, lile nililopasuliwa akaniuguza pacha wangu mwenyewe, limevimba, na mchujo wa timu ya taifa ni mwezi ujao, nami namficha kocha kwa sababu akijua ataniondoa kwenye mashine na nitampoteza dada yangu mara ya pili. Juzi nilipomaliza nikausogeza mpini pembeni kama zamani, nikauachia. Haukuanguka. Ulibaki hewani, kamba imekaza, kisha ukaanza kupanda na kushuka. Nililia kwa furaha, hofu ikaja baadaye. Mama hajui lolote. Niendelee au niache?

Pacha Aliyebaki

Pole sana, mwanangu. Ningekuwa karibu ningekukumbatia kwanza, halafu ningekuvuta sikio. Goti lililopasuliwa limevimba, nawe unalificha! Unamkomoa nani? Leo hii mwambie kocha, uende kwa daktari. Mchujo ukikupita, upite. Goti halina spea. Mama yako mwambie pia, naye amefiwa na mtoto, msilie kila mtu chumbani kwake.

Mguu mmoja ukiuma, mwingine husukuma kwa pupa, na gurudumu hurudisha pupa hiyohiyo. Huenda mvuto unaousikia ni huo. Mpini wa hewani siwezi kuueleza, na sitakudanganya kwamba uliota.

Ila hebu nijibu kitu kimoja. Dada aliyekuuguza goti hilo, akakushika mkono mpaka ukatembea, ndiye angelivuta hadi livimbe? Hapana, na wewe unajua. Basi huyo unayemwachia mpini humfahamu. Usimpe tena, na chumba kile cha mashine usikiingie ukiwa peke yako.