Nimemwacha mume wangu akate vyuma mara mbili kwa kosa la mkasi wangu

Mpendwa mshauri, Mama Marietha, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, kwa sababu Jumamosi anakuja mtu kununua mashine ya kuchomelea ya mume wangu, na mume wangu anaiuza kwa ajili ya kosa ambalo ni langu mimi, na hakuna anayelijua isipokuwa mimi na sasa wewe.

Naitwa Yasinta, nipo Kiomboi, ni fundi wa kushona viti vya magari na maturubai, kazi hii nina miaka kumi na tisa nayo, na mume wangu Chediel, ambaye namwita Baba Joseph, ni fundi wa kuchomelea, karakana yetu ni moja, yeye yuko nje na grenda yake, mimi niko ndani na cherehani yangu, na tumeelewana vizuri hivyo mpaka lilipoletwa gari la Mzee Filipo.

Mzee Filipo ni tabibu mstaafu, ana gari dogo la kijani la viti viwili, la spoti, la zamani kuliko mimi, alilinunua ujanani kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na paa lake la kitambaa lilikwisha siku nyingi, vyuma vikaliwa na kutu, gari likalala bandani chini ya magunia ya alizeti hadi mwaka huu alipoifufua injini. Akataka tumtengenezee paa la kukunja, yaani mvua ikija unalivuta kutoka nyuma hadi kwenye kioo cha mbele unalibana, jua likitoka unalikunja linalala nyuma ya viti, na paa la gari kama lile huwezi kulikuta dukani, lazima litengenezwe kwa mkono. Mwezi ujao yeye na Bi Severina wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na Bi Severina amesema atakwenda kanisani ndani ya gari hilo likiwa wazi, watu wote wamwone.

Basi Baba Joseph akatengeneza mbavu tatu za chuma zenye bawaba, nzuri ajabu, zinakunjika kama mwavuli, mimi nikatandaza nailoni juu yake, nikachora kwenye nailoni hiyo ramani ya paa, nikakata turubai kwa kuifuata na kushona, lakini tulipolivuta halikufika kwenye kioo, lilipungua vidole vitatu. Kabla sijafungua mdomo Baba Joseph akasema, "Mbavu zangu nimezipandisha mno. Kosa ni langu. Yasinta hakosei kukata." Wifi yangu Aneth alikuwepo, alikuwa ametuletea uji, na mimi kwa kujisikia nikasema, "Nilikuambia upime vizuri, Baba Joseph, wewe una haraka kama unafukuzwa na nyuki," Aneth akacheka mpaka akashika mbavu, na mume wangu akacheka na sisi.

Kesho yake asubuhi naokota mabaki ya turubai chini ya meza, nikachukua kipande kimoja nikakilaza pembeni ya ile nailoni, nikaona, Mama Marietha. Nilikuwa nimekata juu ya mstari wenyewe wa kushonea. Sikuacha nafasi ya mshono wala ya pindo, mbele na nyuma, kosa ambalo mwanafunzi wa wiki ya pili anachapwa kwa ajili yake, na vile vidole vitatu viko pale pale. Nikatoka mlangoni na kipande mkononi, nikamkuta ameshaanza kukata mbavu, cheche zinaruka, akainua miwani yake akanitabasamu, akasema, "Usijali, leo linaingia." Nikakitia kile kipande kwenye mfuko wa aproni.

Akashusha mbavu, paa halikufika. Akakata tena, akasogeza ubavu wa kati mbele, safari hii likafika na kubana, lakini sasa Mzee Filipo akikaa ndani kichwa kinagusa turubai inabidi ainame kama anatafuta kitu sakafuni, na ukilikunja vyuma vinagongana, vinabaki vimesimama nyuma ya viti kama mbavu za ng'ombe aliyekwisha kuchunwa. Bi Severina alikuja kulijaribu, mama mwenye adabu zake, akazunguka gari mara mbili, akasema, "Zuri. Ila naona kama limevimba."

Tangu siku hiyo mume wangu anapima chuma kimoja mara nne kisha ananiita nimsomee futi kamba. Jumapili baada ya chakula akaniambia, "Mama Joseph, macho yangu yamekwisha. Kitu nilichopima mwenyewe kinanikataa. Fundi asiyejiamini atamwangushia mtu geti." Anataka auze mashine, arudi shambani kwa baba yake, na Mzee Filipo achukue gari lake lilivyo. Nimewaza nikate turubai jipya kimyakimya, lililobaki linatosha, lakini litakaa sawa kwenye mbavu za mwanzo tu, kwa hizi za sasa halifai, kwa hiyo lazima yeye azirudishe, na hawezi kuzirudisha bila kujua sababu. Nimewaza pia nimwambie nailoni ilinywea kwa jua. Mshauri, nifanyeje? Alinisifu mbele za watu, na mimi nikamcheka.

Yasinta, Kiomboi

*

Marahaba, Yasinta.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Nikaisoma tena, nikafika pale mumeo anapokuita umsomee futi kamba, nikaiweka chini.

Kukata juu ya mstari ni kosa la dakika moja. Mimi mwenyewe niliwahi kumshonea mama mchungaji gauni lenye mikono miwili ya kulia, na bado ananisalimia. Hilo nakusamehe bila kuombwa. Lakini ulisimama mlangoni na kile kipande mkononi, ukamwona mwenzako anaharibu kazi yake nzuri, ukakitia mfukoni. Hapo hukukosea mkasi, mama. Hapo uliamua. Na tangu siku hiyo kila mara anapopima upya, unaamua tena.

Usinitajie nailoni na jua. Ukimpa uongo huo ataupokea, kwa sababu anakuamini, nawe utaishi nao mezani na kitandani. Tena nailoni ya nani hiyo inayonywea vidole vitatu?

Najua kinachokuogopesha. Alisema hukosei, na sifa ile ilikuwa tamu. Lakini angalia bei yake: mwanaume mwenye macho mazima anajiona kipofu. Hasira za mumeo utazivumilia. Akiuza mashine yake kwa ugonjwa ambao hana, hilo hutalivumilia.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, si Ijumaa. Chukua ile nailoni, lile paa na kile kipande, viweke kwenye meza ya mumeo, si yako. Neno la kwanza liwe "Nimekosea mimi." Usianze na hadithi ya jinsi siku ile ulivyokuwa na kazi nyingi. Na usilie kwanza, maana ukilia ataanza kukubembeleza, na leo si zamu yako ya kubembelezwa. Mwache avipime mwenyewe. Akikasirika, mwache akasirike, na usimuulize kila saa kama ameshamaliza.

Ukitoka hapo nenda kwa wifi yako. Ulimcheka mumeo mbele ya Aneth, mtake radhi mbele ya Aneth. Kisha wewe mwenyewe, si Chediel, umweleze Mzee Filipo kwa nini gari limevimba.

Halafu rudi kazini. Mbavu zirudi zilivyokuwa. Acha vidole viwili kila ukingo, na kabla ya kugusa turubai shona kwanza paa la majaribio kwa kitambaa cha bei nafuu, ulivute, ulikunje, Mzee akae ndani na kofia yake. Likikubali, ndipo ukate.

Mama Marietha

*

Wasomaji wangu, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa karibu, sikusubiri gazeti. Maneno hayo nilimsomea Yasinta kwa simu Alhamisi asubuhi. Wiki hii ameniandikia tena, na wote wamekubali tuchapishe kwa majina yao.

*

Mama Marietha, shikamoo tena. Nilivipeleka mezani kwake siku ile ile kabla ya saa sita. Nikasema kama ulivyoniagiza. Akakilaza kile kipande kwenye nailoni, akapima mara moja tu.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ulipoanza kukata mara ya kwanza."

Akakigeuza kile kipande, mimi nikawa naangalia viatu vyangu. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo macho yangu ni mazima?"

"Ni mazima, Baba Joseph."

Akavua kofia, akatoka hadi barabarani, nikamsikia anasoma kwa sauti bango la duka la mbolea upande wa pili, neno kwa neno mpaka namba za simu. Akampigia yule mnunuzi akamwambia asihangaike. Ndipo akarudi, na hasira ikarudi naye, siku tatu alikuwa ananiita "fundi", kama mteja. Aneth yeye alinikumbatia, akasema, "Wifi, kumbe na wewe unakosea! Sasa naweza kuja kwako nimevaa hata nguo iliyofumuka." Mzee Filipo alisema kitu kimoja tu, kwamba shingo yake inashukuru.

Mbavu alizichomelea upya kwa siku mbili, na paa la majaribio nililishona kwa shuka kuukuu lenye maua. Bi Severina alitaka tuliache hilo hilo.

Jumapili ya jubilei walikuja paa likiwa limelala nyuma ya viti, hata huoni kama lipo. Walipokaribia kanisa manyunyu yakaanza. Tukamwona Bi Severina anageuka, na gauni lake jeupe hivyo hivyo, akalivuta paa kwa mkono mmoja, likaja hadi kwenye kioo, akabana kushoto, akabana kulia. Walipofika mlangoni akalifungua tena, kisha akalifunga, kisha akalifungua, kwaya inamsubiri ndipo ianze.

Watu wakamzunguka Baba Joseph wakiuliza imechukua muda gani kazi kama hiyo. Akasema, "Mbavu nimezichomelea upya mara tatu. Kwa nini mara tatu, muulizeni Mama Joseph."

Wote wakanigeukia, mchungaji akiwemo. Nikawasimulia mwenyewe, kuanzia mkasi mpaka aproni, sikuruka kitu. Baba Joseph ndiye aliyeanza kucheka.