Benchi la Mzee Chandrakant

Igoma, Mwanza
17 Agosti 2025

Ndugu yangu Jitesh,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji Hiral na watoto, na kwamba mgongo wa Mama Saroj umeacha kumsumbua. Mfikishie shikamoo yangu, na umwambie kwamba Mwanza nzima sijapata mtu wa kupika dengu kama zake. Sisi hatujambo. Teodora anakusalimu. Shule bado nafundisha, na magazetini bado nagombana na watu kama ulivyoniacha.

Nimeandika kwa kalamu badala ya kukutumia ujumbe wa simu kwa sababu nina habari ya ushindi, na nina habari nyingine ambayo kwenye simu ningeikatisha njiani.

Kwamba timu yetu ya Leicester imeshuka daraja, mara ya pili ndani ya miaka mitatu, wewe uliye huko huko Leicester huhitaji kuambiwa na mimi. Usilolijua ni kwamba nusura tupoteze benchi la baba yako. Unalikumbuka: lile la mninga, Mzee Chandrakant, Mungu amrehemu, alilokuwa ameliweka mbele ya duka lake la mbao kule Mkuyuni, tukalikalia wewe na mimi na redio katikati. Ulipohama mwaka 1996 uliniambia niishabikie timu ya mji unaokwenda, ili kila Jumamosi tuwe tunawaza kitu kimoja. Mzee alipofunga duka akanipa benchi, nami nikalipeleka kwenye kibanda umiza cha Machibya hapa Igoma, tunakotazama mpira wa dishi. Kwa Machibya kila timu ina benchi lake lenye jina. La kwetu liko mbele kabisa, na mara nyingi mwenye kulikalia ni mimi peke yangu.

Sasa mwezi uliopita Machibya akatangaza kwamba timu isiyo ligi kuu haina benchi mbele. La kwetu litolewe nje, Rebeka anayekaanga chipsi mlangoni apate pa kumenyea viazi. Aliyemtia maneno hayo ni Ngosha, fundi pikipiki, anayetaka mahali petu pawe pa Liverpool. Alinipokea kwa kuniuliza msiba tunauweka wapi, maana timu yangu sasa hata dishi haliioni. Banda zima likacheka. Unanijua, Jitesh. Nilidai mkutano.

Tulikutana Jumapili iliyopita saa tisa alasiri, watu wamejaa hadi kwenye viazi vya Rebeka. Nilianza na wale wasomi wanaotuita watumwa kwa kupenda timu za mbali. Niliwaambia kwamba mtumwa hachagui, na mimi nilichagua, tena kwa sababu ya rafiki. Mwenye kustahili kuhojiwa ni yule asiyependa timu yoyote bali anapenda kushinda, na kila Agosti anatafuta jezi ya kushindia. Ngosha akapiga mluzi, akasema Mwalimu ameanza kipindi, nani ana daftari.

Nikamwambia daftari liko ukutani. Machibya hupiga picha ya banda zima kila ligi inapokwisha, na zote amezitundika. Nikazishusha moja moja na kuzisoma kwa sauti. Mwaka 2013 Ngosha amevaa jezi ya Manchester United. Mwaka 2015 Chelsea. Mwaka 2018 Manchester City. Mwaka 2020 Liverpool, mwaka 2022 City tena, na mwaka huu Liverpool, anadai amerudi nyumbani. Mayala kinyozi akauliza hizo nyumba ngapi, na kama mke wake anajua. Watu walicheka hadi dishi likatikisika. Hata Machibya mwenyewe nilimkuta na jezi tatu. Waliobaki na timu moja miaka yote ni Mayala na Arsenal yake, na mimi na benchi langu. Nilisimama pale nikijiona nimeshinda kesi.

Ndipo Rebeka akafuta mikono kwenye kanga, akachukua picha ya mwaka 2016 na kuninyooshea. Aliuliza kwa upole tu: mwaka wa ubingwa wetu, Mwalimu uko wapi?

Katika picha hiyo, Jitesh, benchi la baba yako liko katikati, limetandikwa kitenge cha bluu, na halina mtu. Machibya alikataza lisikaliwe, kwa kuwa mwenye benchi, yaani mimi, alikuwa mgonjwa. Niliwaambia daktari amenikataza mpira kwa sababu ya presha, nao wakaniombea.

Sikuwa na presha. Agosti 2015, baada ya kuponea chupuchupu kushuka, nilichoka kuchekwa. Nilinunua jezi ya Chelsea, waliokuwa mabingwa, nikawa nakwenda kutazama mpira Kiseke, mahali nisipojulikana. Msimu mzima. Na wewe unajua ubingwa wetu ulikujaje: Chelsea walitoka sare na Tottenham, waliokuwa wakitufukuza kileleni. Timu niliyoikimbilia ndiyo iliyoipa kombe timu niliyoikimbia, na mimi nimekaa natazama na jezi yao mwilini. Simu yako iliita papo hapo. Ulikuwa unalia kwa furaha, ukaniuliza niko wapi, nikakujibu nimekaa kwenye benchi la Mzee. Ulisema angefurahi.

Nimekudanganya miaka tisa. Nisamehe.

Haya yote niliyasema mbele ya banda, maana sikuweza kuishika picha ile na kutunga uongo mwingine. Kisha Ngosha akaruka juu, akashangilia kwamba kumbe Mwalimu ni mwenzake, benchi litoke! Rebeka akamwambia akae chini. Akasema sherehe ilipoandaliwa, Mwalimu aliona haya kuijia, akarudi mwaka uliofuata tulipoanza kufungwa tena, akakaa peke yake. Akamuuliza Ngosha ataje sherehe moja tu ambayo yeye amewahi kukosa.

Banda lililipuka, Jitesh! Walinibeba juu kama mimi ndiye niliyefunga bao, na Machibya akaamuru benchi libaki mbele, tupande au tushuke. Aliyelirudisha mahali pake, akilifuta vumbi kwa jezi yake ya Liverpool, ni Ngosha.

Wasalimie wote, na watoto waambie baba yao ana benchi Igoma. Ukiweza kunisamehe, nipigie Jumamosi mechi itakapoanza. Uniulize tena niko wapi.

Wako katika kupanda na kushuka,
Okwach