Zipu Kwenye Bustani ya Mama

Chumba cha mbele, juu ya meza ya kukatia vitambaa
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kuliko vifungo vilivyomwagika chini ya cherehani yangu. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuachia? Na zile zamu za alfajiri kazini, bado wanakupa wewe tu kana kwamba wenzako hawana miguu? Kula vizuri, na uvae soksi. Najua unacheka, lakini mimi ndiye kaka yako na kukusumbua ni kazi yangu.

Sisi tu wazima. Mama hajambo, ila magoti yamegoma kabisa kuinama. Anajikongoja na fimbo yake mpaka kibaraza cha nyuma, anakaa kwenye kiti, halafu anaanza kuamrisha. Sauti haina shida hata kidogo. Wifi yako mzima, na amezidi kunicheka. Mimi nimenenepa. Suruali nilizojishonea mwenyewe zinanibana, na siwezi kumlaumu fundi.

Nakuandikia kwa sababu nina jambo la kujisifu na hapa nyumbani wameshachoka kunisikiliza. Wewe uko mbali, huwezi kuondoka chumbani.

Kwanza nikuombe radhi. Mwaka huu uliponipigia simu ukataka mbegu za boga la mama, lile la ngozi ya kijivu na nyama nyekundu, nilisema nitakutumia, kisha haraka haraka nikakuuliza habari za hali ya hewa. Ukweli ni kwamba mbegu hazikuwapo. Mwaka jana maboga yalipoiva mama alikuwa amelazwa hospitali. Unajua kila mwaka ni yeye anayechagua boga la mbegu na kulitenga kabla mtu hajagusa kisu. Safari hii hakuna aliyetenga. Tulipika, tukala, tukagawia majirani, na mimi kwa bidii zangu nikasafisha jikoni nikatupa mbegu zote. Wifi yako alinisifu kwa usafi.

Mama aliporudi, kabla hata hajavua viatu, akauliza, "Mmetenga lipi?"

Nikatazama dari.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala usingizi. Siku mbili alikunywa chai yake kibarazani amenipa mgongo. Boga lile alipewa na bibi, na bibi alipewa na mama yake, na sijaliona duka lolote linaloliuza. Likipotea kwetu, limepotea.

Basi mwezi wa tatu nilikuwa nabadilisha bitana ya koti lake la zamani la bustanini, lile lenye mfuko uliotoboka. Nikafumua pindo, zikadondoka mezani mbegu kumi na moja. Zilikuwa zimepitia tundu la mfuko miaka hiyo, zikakaa humo zimetulia kama abiria waliopitiliza kituo. Nilimpelekea kiganjani. Alinusa moja.

"Panda," akasema. "Na zikifa, usije ukanunua nyingine dukani ukaniambia ni zangu. Nitajua."

Nikapanda kumi na moja. Mbili zilioza kwa mvua. Tatu ziliota vizuri mno, konokono wakaja na familia zao na asubuhi nikakuta vijiti. Zikabaki sita. Hapo niseme jambo zuri la chura. Ametuhamia chura mkubwa, anaishi chini ya beseni lililopasuka karibu na nyanya. Anashinda amekaa, anakula na hasemi na mtu. Wifi yako amempa jina la Meneja. Tangu aripoti kazini, konokono wachanga hatuwaoni, na mchicha umenyanyuka mpaka nimeona aibu kuukata.

Lakini adui wa maboga ni kindi, yule anayekaa kwenye mti wa jirani yetu kinyozi. Yeye hamalizi boga hata moja. Anauma kidogo hapa, kidogo pale, kama mgeni anayeonja vyungu vyote. Nikaona mwaka huu simwachii. Nilichukua kitambaa cha chandarua, nikapima mashina kama napima maharusi, nikashona. Siyo kutandaza tu neti, mdogo wangu! Nilitia pindo mara mbili, lastiki chini, mikunjo mabegani ili majani yasibanwe. Hata mdudu chungu angehitaji barua ya utambulisho. Nilikuwa nasimama pembeni na kikombe changu cha chai naangalia ile mishono mpaka chai inapoa.

Maua yakaja, ya njano, makubwa. Na vile viboga vidogo vinavyokaa chini ya ua jike vikatokea, nikavihesabu kwa furaha. Baada ya siku tatu vikawa njano. Baada ya tano vikaanguka. Vyote. Vikaja vingine, navyo vikaanguka. Nikaongeza samadi. Nikapunguza maji, nikaongeza maji. Mama akiniuliza kutoka kitini, "Yanashika?" namjibu, "Yanakuja, mama." Nilikuwa nasema uongo kama mtoto wa darasa la pili, na mvua ilikuwa inaishia.

Wiki tatu zikapita hivyo. Jumamosi moja akataka ashikwe mkono apelekwe akaone mwenyewe. Akasimama mbele ya kazi yangu. Akavuta lastiki kwa ncha ya fimbo. Akaiachia, ikalia pwa!

"Umeshona vizuri," akasema.

"Ahsante, mama."

"Nyuki wanapita wapi?"

"Nyuki gani?"

Akamgeukia wifi yako. "Huyu nilimzaa mimi kweli? Bwana harusi yumo, bibi harusi yumo, mshenga kamfungia nje!"

Wifi yako alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitazama, na kweli, nyuki wawili walikuwa wanatembea juu ya chandarua, wanatafuta mlango. Miaka ishirini na sita ya ushonaji, na nimeangushwa na ubora wa kazi yangu mwenyewe.

Mama hakucheka naye. Akainua jani moja, akachungulia vitumba. "Yamebaki maua ya wiki mbili," akasema. "Labda." Akaomba arudishwe kitini.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimepiga magoti bustanini na ile brashi ndogo ya kusafishia cherehani, natoa vumbi la njano kwenye ua dume napaka kwenye ua jike. Kinyozi akanichungulia juu ya ukuta na mswaki mdomoni.

"Fundi, unayatia poda?"

"Nayaozesha."

"Basi ukimaliza hapo, uje na kwetu. Dada yangu ana miaka arobaini na moja."

Boga moja lilishika kwa brashi. Moja tu. Mikono yangu haiwezi kufanya kazi ya nyuki mia. Nikavua neti yote wapite. Walipita, mawili zaidi yakashika, na mchana ule ule kindi akaja akalionja moja likaoza. Nikifungua, kindi. Nikifunga, hakuna nyuki. Siku zikawa zinakwisha.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapojisifu. Maua ya boga hufunguka alfajiri na hujifunga kabla jua halijawa kali. Kindi naye si mtu wa mapema, huteremka jua likishapanda. Kumbe kila mmoja ana saa zake! Nikaenda kwenye lile hema bovu alilotuachia baba mkwe, nikafumua zipu ya mita tatu, nikaishona kwenye chandarua. Kumi na mbili asubuhi nafungua, zzzip, mshenga karibu. Saa nne nafunga, kindi kwaheri. Ndani ya siku nne nyuki walishaijua ratiba. Naapa, nikichelewa nawakuta wananisubiri. Kinyozi hacheki tena, ameagiza kwangu neti ya matango yake, na kindi amehamia kwenye mapapai ya mtu mwingine ambaye simjui na simwonei huruma.

Yameiva manne, mdogo wangu. Usiniambie manne ni machache. Mimi nilikuwa na sufuri.

Ijumaa tuliyapanga kibarazani mbele ya mama. Wifi yako akaleta kisu akakiweka mbali, amejifunza. Tukangoja.

"Chagua," mama akasema.

Nikamtazama wifi yako. Mama akapiga fimbo sakafuni. "Nakwambia wewe. Chagua la mbegu."

Kubwa kuliko yote lilikuwa pale linang'aa, na mkono ukataka kwenda. Lakini nikayapapasa moja moja kama napapasa kitambaa sokoni, nikayagonga, nikaangalia vikonyo. Nikachukua la tatu. Si kubwa, ubavu mmoja umelala, lakini kikonyo chake ni kinene kikavu, na ngozi yake ukucha hauingii.

Mama aliligeuza, akaligeuza tena. Akaliweka mapajani akabonyeza kikonyo kwa dole gumba, nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

"Hata mimi ningechukua hilo hilo," akasema. Kisha akaagiza chai na kuanza kulalamika kwamba bamia zimepandwa karibu karibu.

Mbegu zinakauka hapa pembeni yangu kwenye karatasi ninapoandika. Fungu lako nimeshalitenga. Upande kwenye ardhi, tafadhali. Ile picha ya mnanaa wako dirishani niliiona, na sikusema kitu kwa heshima tu.

Msalimie sana shemeji, na wapwa wangu wote wawili, mkubwa umwambie mjomba anauliza kama sare bado inamtosha. Wifi yako anakusalimu. Kinyozi pia, na dada yake. Mama anakuombea kila asubuhi, hasa siku za baridi. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na mabosi wenye huruma, na atukutanishe tukiwa na afya.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, fundi wa nguo na, tangu Ijumaa, mchagua mbegu wa nyumba hii.